Nilivyochagua Ngumi Penye Watu wa Fimbo

Nianze na aibu yenyewe, asije mtu akasema baadaye kwamba nilificha. Pigano langu la kwanza nikiwa askari wa visima nilishindwa bila kuguswa. Sikupigwa hata kofi. Adui yangu alinikumbatia, akanibusu kichwani, akaniletea kibuyu cha maziwa ya ngamia, nikanywa mpaka nikafuta mdomo kwa mkono. Watu wote walifurahi. Pale kisimani palikuwa na watu kama hamsini, na mimi peke yangu ndiye niliyedhani tunapigana.

Sasa nyinyi vijana wa Garissa mnakuja kwangu kila wiki, hasa tangu mlipoanza kuonyeshwa filamu za wale Wachina wanaoruka juu ya mapaa. Mnaniita adeer, baba mdogo, mnaketi kwenye mkeka wangu, mnamaliza chai yangu, halafu mnauliza: mtu anayeanza ajifunze mchezo gani wa kupigana, karate, judo au ngumi? Juzi mmoja wenu alisimama kunionyesha teke. Akapiga debe la maji. Debe liko pale mpaka leo, halina hata kovu. Yeye ndiye aliyekwenda nyumbani akichechemea.

Lakini swali ni zuri, na mmemwuliza mtu anayefaa, kwa sababu sijaona mtu aliyechagua vibaya kuliko mimi.

Shule niliishia darasa la nne, zile hesabu za kugawanya zilipoanza kuwa na mabaki. Nilimwuliza mwalimu hayo mabaki yanapelekwa wapi, akanionyesha mlango. Kazi nikaipata kwa sababu ya urefu. Afisa aliyeniandika alinisimamisha ukutani akanipima kwa kamba, hakunipima mahali pengine popote, na nadhani ni bahati yangu. Wenye akili walipewa bunduki. Mimi nilipewa kofia, mkanda na fimbo, nikaambiwa nikae kisimani wakati wa kiangazi, nihakikishe kila mtu ananywesha mifugo yake kwa zamu.

Hiyo ndiyo kazi niliyofanya mpaka mvi zikatoka. Nimekaa Hulugho, nimekaa Banissa, nimekaa Lafey, na kote huko mambo ni yale yale. Mtu atakusamehe ukimtukana baba yake. Ukiingia kabla yake kisimani hatakusamehe. Kwa hiyo mwenye kofia lazima ajue kupigana kidogo, au angalau aonekane anajua.

Kambi yetu ya kwanza ilikuwa upande wa Wajir, karibu na visima. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, wanaume wamerudi kutoka Burma na mambo mengi vichwani. Pale palikuwa na walimu watatu wa kupigana.

Wa kwanza alikuwa mzee Galgalo, Mborana. Yeye ndiye aliyepanga zamu za kisima, na mwenye kazi hiyo Waborana humwita aba herega, baba wa zamu. Watu walisema hakuna aliyeijua fimbo kama yeye. Mimi nikamwangalia. Mguu mmoja mfupi, jicho moja lina ukungu, anakoroma akiwa macho. Nikasema moyoni, kama huyu ndiye bingwa, huyo aliyeshindwa anafananaje?

Hata hivyo nilikwenda kwake nikamwomba anifundishe. Akaniambia nishuke kisimani nichote maji. Nikachota siku saba. Nilidhani ni mafunzo ya siri, kwamba mikono inatengenezwa taratibu bila mimi kujua. Siku ya nane nikamwuliza fimbo tunaanza lini. Akauliza fimbo gani. Yeye alikuwa na upungufu wa mchotaji, kwa sababu mpwa wake Guyo alikuwa anaumwa mgongo. Nikaondoka kwa hasira. Na nyinyi pia, mwalimu akikufagilisha uwanja mwezi mzima, muulize kama anafundisha au anahitaji mfagiaji. Wengine ni wafagilishaji tu.

Huyo Guyo ndiye mwalimu wa pili, na alikuwa rafiki yangu. Mfupi, mpana, shingo hakupewa. Mieleka alijifunza kwa kuangusha ngamia wadogo wakati wa kuwapiga chapa, na mgongo ukamwuma kwa kazi hiyo hiyo. Nilifika kwake siku moja tu. Alinishika kiunoni, akanigeuza, mimi nikaenda upande wangu na kikoi changu kikabaki mkononi mwake. Wanawake wa boma zima walikuwa wanapita na maji mgongoni. Hawakucheka. Wangecheka ningepona haraka. Waligeuza nyuso kwa heshima, na ile heshima ilinifanya nipite njia ya mbali kwa wiki mbili.

Kwa hiyo kabla hujachagua, angalia unavaa nini siku za kawaida. Judo inataka nguo inayoshikika. Kama maisha yako yote umefunga kikoi kwa kukikunja tu kiunoni, wallahi, mieleka itakutangaza.

Wa tatu alikuwa Koplo Mutua, Mkamba, aliyepigana ngumi jeshini. Ah, Mutua. Alinyoa ndevu kila siku hata maji yakiwa ya kuhesabu kwa kikombe. Viatu vyake viling'aa, ungeweza kuvifanya kioo ukachana nywele. Alikuwa na glavu mbili za ngozi zimening'inia mlangoni kwake na gunia la mchanga kwenye mti wa miiba, na akizunguka lile gunia alikuwa kama mtu anayecheza arusi. Alinivalisha glavu, akanisimamisha mbele ya kioo chake cha kunyolea. Kioo kilikuwa kidogo, kilionyesha ngumi na nusu ya shavu, lakini hiyo nusu ya shavu ilinitosha. Nikachagua pale pale.

Sisemi Mutua alikuwa mwalimu mbaya. Wiki za kwanza alinifundisha miguu tu, na mwalimu wa maana huanza hapo. Hakunificha kwamba amewahi kupigwa; meno mawili ya mbele yalikuwa yamebaki Burma. Ukikutana na mwalimu anayesema hajawahi kushindwa, kunywa chai yake uondoke. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila siku: usiingie kwenye ngumi na kitu mkononi. Weka kila kitu chini kwanza, mikono iwe mitupu, kidevu kifuani, halafu inua ngumi. Nilifanya hivyo miezi minne, asubuhi na jioni, mpaka mwili ukawa unafanya wenyewe bila kuniuliza.

Sasa njooni kwenye ile siku.

Kiangazi kilikuwa kimevuta mpaka mwisho. Kulikuwa na mjane anaitwa Dahabo, tulimwita eddo, shangazi, ingawa hakuwa shangazi ya mtu yeyote pale. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, hana kingine. Ng'ombe si ngamia. Siku ya tatu bila maji anasimama kwa shida, siku ya nne hainuki. Ng'ombe wa Dahabo walikuwa kwenye siku ya tatu, na Galgalo alikuwa amempa zamu ya asubuhi, wa kwanza kabisa. Baada yake angefuata Farah Dheere, yaani Farah Mrefu, mwenye ngamia arobaini. Hesabu yake hata mimi wa darasa la nne niliiweza. Ng'ombe kumi na mmoja wanamaliza haraka, ngamia wanafuata. Lakini ngamia arobaini wakitangulia, ni kuchota mpaka magharibi, na magharibi kisima kinafungwa. Hakuna aliyechota gizani, watu walishawahi kuanguka humo. Dahabo angengoja kesho, na kesho ng'ombe wake hawangekuwa wa kungoja.

Asubuhi hiyo Galgalo alikuwa ameenda mazishini. Nimebaki mimi na kofia yangu.

Farah akafika na ngamia wake wote, wanapiga kelele kwa harufu ya maji. Yeye mwenyewe ametundika mikono kwenye fimbo iliyolala mabegani. Nikamwambia zamu ni ya eddo Dahabo. Akasema ngamia wake wametembea siku mbili, hawajui habari za zamu. Nikamwambia tena. Akaishusha fimbo yake polepole, akaisimamisha kando ya mguu. Watu wakarudi nyuma. Dahabo alikuwa nyuma yangu na ng'ombe wake, ananiangalia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kofia.

Nikasema leo ni leo. Nikavua kofia, nikaiweka. Nikafungua mkanda, nikauweka. Halafu nikaichukua fimbo yangu nikailaza chini katikati yetu, vizuri kabisa, upande usio na tope. Nikainamisha kidevu kifuani, nikainua mikono yote miwili mbele ya uso.

Mnacheka, kwa sababu nyinyi pia mmezaliwa huku na mnajua. Kwetu mwanamume akiwa kwenye ugomvi akailaza fimbo yake chini mbele ya mwenzake, amesema: nimekosa, haki ni yako, nisamehe. Hilo halihitaji maneno. Na mimi nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Mimi si mgeni. Baba yangu mzazi nilimwona kwa macho yangu akiilaza fimbo mbele ya watu ili ugomvi wa familia mbili uishe, nikiwa nimeshika nguo yake. Lakini miezi minne ya Mutua ilikuwa imeniosha kichwa. Na juu ya kuilaza fimbo nikaongeza kuvua kofia ya serikali, kuinamisha kichwa na kuinua mikono. Hata mateka wa Burma hawakujisalimisha kwa ukamilifu ule.

Farah alisimama akinitazama. Macho yakamlegea. Akailaza fimbo yake kando ya yangu, akanijia mikono wazi. Mimi bado nilikuwa natafuta pa kupenyeza konde la kushoto, lakini niambieni, utampiga vipi mtu anayekubusu kichwa?

"Walaal," akaniambia, ndugu yangu, "wewe ni mtoto wa watu. Askari mwingine angetuletea ujuba."

Wazee wakasema alhamdulillahi. Kibuyu cha maziwa kikaletwa. Nilikuwa na kiu, jua linachoma, na kichwa changu kilikuwa bado kinajiuliza kumetokea nini. Nikanywa. Na mnajua pia, maziwa ya suluhu yakishanyweka neno limekwisha, hata sultani halirudishi. Farah akageuka akawaambia watu wake washushe ndoo.

Ndipo Dahabo akaja mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu," akasema, "umekunywa zamu yangu. Ilikuwa tamu?"

Nimepigwa mara nyingi katika kazi hii. Banissa nilipigwa fimbo ya sikio mpaka leo upande ule nasikia redio tu. Hakuna pigo lililonikuta kama lile.

Galgalo alirudi kutoka mazishini jua halijafika utosini. Watu wakamsimulia, kila mmoja anaongeza chumvi yake. Hakucheka. Nilimwambia, aba, niruhusu niichukue fimbo yangu nianze upya. Akasema kitu kimelala, kimelala; zamu ni ya Farah na hakuna wa kuigusa. Halafu akalitazama jua kwa lile jicho moja zuri, akawatazama wachotaji watatu wa Farah, waliokuwa wanachota ndoo tano na kupumzika kumi.

"Watatu hawa ni mpaka magharibi," akasema. "Watu sita wasiopumzika ni mpaka alasiri. Zamu ni ya Farah, kuchota si ya mtu. Shuka."

Nikashuka mimi chini kabisa, maji yamefika kiunoni, nimebaki na kaptula niliyokuwa nikifanyia mazoezi ya ngumi. Juu yangu akasimama Guyo na mgongo wake. Farah hakuweza kukataa. Mtu ameomba msamaha mbele ya watu wote, sasa anataka na kukusaidia, utamfukuza kwa neno gani? Aliona tu huyu askari amezidi kwa adabu. Wa tatu alikuwa Mutua. Maskini alikuwa amekuja na nguo zilizopigwa pasi kumwangalia mwanafunzi wake akipigana. Alipoambiwa mwanafunzi yuko ndani ya kisima, alidhani nimetupwa.

Kama hamjawahi kuchota namna ile, ni hivi. Ndoo ni ya ngozi ya twiga, imejaa, unairusha juu, wa juu anaidaka anairusha kwa mwingine, na huku tupu inarudi inaanguka. Lazima mikono iwe wazi. Yangu miezi minne ilikuwa imefundishwa kujifunga. Ndoo tupu ya kwanza niliipiga konde. Ya pili ilinipiga yenyewe. Mutua akawa anapiga kelele huko juu, linda uso, linda uso, na nadhani siku hiyo ndiyo pekee mafundisho yake yalinisaidia kazini.

Sikuuliza saa. Niliuliza ngamia wangapi wamebaki, na kila mara jibu lilikuwa baya. Mabega yalikufa kwanza, halafu vidole. Guyo alikuwa anaomboleza kwa Kiborana kila ndoo, lakini hakusimama. Tulipoambiwa ngamia wa mwisho ameondoka, jua lilikuwa limeinama na adhana ya alasiri ilikuwa imepita zamani. Nilipanda juu kwa magoti.

Ng'ombe tisa wa Dahabo walifika kwenye hori kwa miguu yao. Wa kumi alikuwa amelala. Guyo alimshika mkia, mimi na Mutua tukamshika pembe, tukamwinua, tukambeba nusu njia, akanywa. Wa kumi na mmoja, mwenye paji jeupe, hakuinuka. Dahabo alimpelekea maji kwa mikono yake, yakatoka kando ya mdomo. Akamwita Farah mwenyewe, akampa kisu, amchinje kabla hajafa ili nyama iwe halali. Farah alichinja ameinamisha kichwa. Hakuchukua hata kipande. Dahabo alinigawia ini, akanipa mkononi. Kulila sikuweza, na kulikataa mbele ya watu sikuweza.

Kwa miaka miwili baada ya hapo, kila akinikuta kisimani aliniuliza jambo moja: askari, umekunywa maziwa leo?

Nilirudi kwa Galgalo, nikakaa kwake mwaka na zaidi. Nilichota maji yake tena, sasa bila kuuliza. Na fimbo alinifundisha kweli, lakini kupiga kulichukua siku chache tu. Zilizobaki zote zilikuwa za kuishika. Fimbo ikiwa mabegani, mtu anaongea tu, usimsogelee, usimkimbie. Ikisimama kando ya mguu, amefika kwenye ukingo, mpe nafasi ya kurudi bila aibu. Ikilala juu ya mapaja yake ameketi, anasikiliza, sema upesi kabla hajasimama. Alinifundisha kukata fimbo ya mti wa mkole ungali mbichi, si mkavu, kwa sababu mkavu unavunjika na kipande kinaingia jicho la mtu asiyehusika. Lile lake lenye ukungu lilipatikana hivyo. Katika miaka yote ya kazi nadhani nimempiga mtu fimbo mara tano. Nyingine zote zilimalizika kwenye kushika.

Kwa hiyo nyinyi wa karate. Jifunzeni, sikatazi, inanyoosha mgongo na inawatoa kwenye vijiwe vya miraa. Lakini kabla ya kumpa mwalimu jina lako, tembea pale utakapoishi, uwatazame watu wanavyogombana. Wanashika nini, wanasema nini kabla, nani anawaamulia, wanamalizaje. Ukijifunza mchezo ambao jirani yako haujui, siku ya shida utakuwa unaucheza peke yako. Na wewe wa teke, anza kwanza kulisalimia lile debe.

Lakini mliniuliza pia nani alinishauri kubadili. Hakuna aliyenishauri. Jioni ile ile ya kuwachotea ngamia wa Farah, Mutua alikuwa ameenda kuosha viatu vyake, na mimi na Guyo tumeketi kando ya hori, tope mpaka masikioni, vidole havikunjiki. Nikamwuliza, Guyo, wewe ni rafiki yangu, sema kweli: niziache ngumi, au nije kwako tena na mieleka, au nimwangukie mjomba wako?

Akajipapasa mgongo kwanza.

"Bishar," akasema, "ngumi zako mimi sijaona kosa lake. Lakini siku nyingine ukitaka kupigana na mtu, mwambie."